Manjano Kabla ya Posa

Jumatatu, 2 Oktoba
Ijumaa wanakuja kunitazama. Sarmad, mama yake na dada zake. Mimi ndiye nitakayepeleka chai, na wote watanikodolea macho usoni nikiuliza sukari. Usoni! Kidevu chote chunusi. Wachumba waliotangulia walikunywa chai yetu wakapotea. Hao waende salama. Ila Sarmad ninamtaka. Tumekutana kwenye harusi za watu, akacheka mizaha yangu ambayo hata Mama haicheki.

Mama anasema ni uchafu, ninawe. Nimenawa mpaka ngozi inalia.

Jumanne, 3 Oktoba
Kwa Daktari Farzana. Nilitaka krimu ya kupaka, yeye akaniuliza habari za hedhi na kunipandisha kwenye mizani. Akasema si uchafu. Kwa mwili wangu, kilo nilizoongeza tangu nimalize chuo zimepandisha insulini, insulini imezichokoza ovari, nazo zinatoa homoni za kiume kupita kiasi. Hizo ndizo zinazojaza uso mafuta. Akaniandikia dawa. Nitembee, nipunguze sukari, uzito ushuke polepole. Miezi mitatu.

Nikamwambia posa ni Ijumaa. Akasema homoni hazijaalikwa.

Nikamuuliza mbona binamu yangu Tehmina ni mnene kunizidi na uso wake laini kama yai. Akasema miili haifanani. Hilo nalo si jibu. Nimenunua halwa njiani, ya huzuni.

Jumatano, 4 Oktoba
Mpango: nisile chochote mpaka Ijumaa, homoni zife njaa. Kufika adhuhuri homoni zilikuwa nzima, mimi ndiye niliyekuwa nakata roho. Tehmina akaja na sinia la halwa, akala mbele yangu taratibu, akaniuliza, "Dada, mbona umepauka hivyo?" Nikamsaidia kulimaliza.

Lakini kanipa wazo bila kujua. Alikuwa akisifu jinsi bibi harusi wa jirani anavyong'aa kwa manjano. Kweli kabisa! Sijawahi kuona bibi harusi mwenye chunusi.

Alhamisi, 5 Oktoba
Manjano, unga wa dengu, mtindi. Bibi harusi hupakwa na shangazi zake kidogo kidogo, siku kadhaa kabla ya ndoa. Mimi siku kadhaa sina. Nimepaka kopo zima mara moja, uso na mikono, nikalala nalo mchana kutwa.

Nimeosha. Chunusi zipo palepale, ila sasa zimekaa juu ya uso wa njano. Nimesugua limau, limeshindwa. Mama amekaa kitini akivuta uradi.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nikaingia na trei, kichwa chini, nikagawa chai. Mama yake Sarmad akanitazama uso, akatazama mikono, akaweka kikombe. Akamuuliza Mama kwa upole, "Dada yangu, binti ameshapakwa manjano ya harusi. Mmetuita tuje kumtazama mke wa mtu?"

Akachukua mkoba. Binti zake wakachukua mikoba yao. Sarmad naye akasimama, na moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili. Adabu zikanitoka. Nikasema hakuna bwana wala harusi, kuna homoni tu, na nimejipaka mwenyewe ili mwanawe anione mzuri.

Mama akajifunika mtandio uso mzima.

Sarmad akakaa tena. Akatenganisha ndevu zake kwa vidole, akatuonyesha shavu. Chunusi tupu! Akasema watu humsifu kwa uchamungu, kumbe anafuga ndevu kwa aibu. Akauliza daktari wangu anapokea wanaume? Mama yake akamwambia afunge mdomo, kisha akacheka mpaka akaomba maji. Halafu akaomba chai nyingine. Nikammiminia mpaka kikombe kikafurika.

Jumapili, 8 Oktoba
Posa imekubaliwa! Harusi ni Januari, ili dawa zipate nafasi ya kufanya kazi. Nampenda mama mkwe wangu. Nampenda kila mtu, hata Tehmina.

Jana nilianza dawa na kutembea. Leo nimejitazama kiooni: hakuna tofauti. Daktari Farzana ni mtu mwema lakini mvivu. Muuza mboga anasema vitunguu saumu vilivyopondwa na kuchanganywa na dawa ya meno vinamaliza chunusi kwa usiku mmoja. Nimemwandikia Sarmad, nikitegemea atanikanya.

Amejibu kwamba ameshanyoa ndevu na anamenya vitunguu. Mungu amenipa mtu mwenye akili kama zangu.