Viatu Vyangu Vimebaki Kisarawe

Leo nimeaibika. Mbele ya watu, mbele ya Mungu, na mbele ya msimamizi wangu wa masomo. Na viatu nimeviacha hukohuko Kisarawe. Naandika haya nikiwa nyumbani Picha ya Ndege, Kibaha, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na pembeni kuna ndala za pinki ambazo si zangu.

Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine na chumvi juu.

Mnajua nasoma theolojia, masomo ya jioni. Mwaka huu ni wa tasnifu, na mada yangu naililia tangu mwaka wa kwanza: Kitabu cha Yona kama mzaha. Wapo wataalamu wanaosema mwandishi wa kitabu kile hakuwa anaandika taarifa, alikuwa anatania. Hebu angalieni. Nabii anatumwa mashariki, anapanda meli ya magharibi. Watu wa Ninawi wakitubu, hadi mifugo inavishwa magunia na kufungishwa saumu. (Mbuzi, saumu!) Na Wayahudi wanakisoma kila mwaka siku yao kubwa ya toba, siku ambayo ungedhani kucheka ni dhambi. Mimi nataka kuonyesha kwamba ndani ya mzaha ule mna mafundisho mazito kuhusu huruma ya Mungu.

Msimamizi wangu, Dokta Mbwilo, hakuitaka mada hiyo. Ni mchungaji, mama wa makamo, na hacheki ovyo.

"Maganga," aliniambia wiki iliyopita, "huyo mwandishi amekufa zamani za kale. Utajuaje kama alikuwa anatania?"

"Dokta, mzaha mimi nautambua tu."

"Haya. Jumamosi utaongoza watu wa kawaida kusoma Yona, kule Kisarawe. Nitakuwepo. Ukishindwa kuwaonyesha huo mzaha, utaandika kuhusu vipimo vya hekalu la Sulemani. Dhiraa kwa dhiraa."

Niliapa sitoki Kisarawe bila mada yangu. Nikakesha na vitabu. Nikanunua viatu vipya vyeusi, nikavipiga kiwi hadi ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu.

Leo asubuhi Dokta akanipitia na gari lake hadi kwa Mama Sela, mzee wa kanisa, ambaye kikundi chake husomea Biblia kwenye kibaraza cha nyumba yake. Majirani Waislamu nao walikuja, maana Yona wetu ndiye Nabii Yunus wao, na maandazi ya Mama Sela hayana dini. Nikavua viatu pembeni ya mkeka. Dokta akakaa nyuma kabisa, kalamu mkononi.

Mbele yangu alikaa jirani aliyetuazima mabenchi, Mzee Kondo, kanzu nyeupe na kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Jina lako nani?"

"Maganga."

"Maganga wa wapi?"

"Baba alikuwa mtu wa Tabora."

Macho ya mzee yakawaka. "Alaa! Mnyamwezi! Jamani, mpagazi wangu karudi! Babu yake alitua mzigo wa babu yangu njiani akala kona. Leo nimemkamata!"

Watu wakacheka. Mimi nikatabasamu kwa shida.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Kila mtu kwenye kile kibaraza alielewa kinachoendelea, isipokuwa mimi. Mzee Kondo ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukusema atakavyo, anaweza kuchukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kununa. Unatoa chochote, mnacheka, yameisha. Hayo nayajua. Nimeyasoma! Lakini nimezaliwa Kibaha, baba alifariki nikiwa mdogo, na Unyamwezi wangu uko kwenye jina tu. Nilikuwa naujua utani kama mtu aliyejifunza kuogelea kwenye kitabu.

Nikaanza somo. Sijafika hata melini, Mzee Kondo akanyanyuka, akavaa viatu vyangu, akaanza kutembea uani.

"Mzee, hivyo ni vyangu."

"Mpagazi hana viatu. Endelea kufundisha."

Nikaendelea. (Moyoni nilikuwa nachemka.) Nikafika kwenye samaki. Mzee akapaza sauti kutoka uani: "Huyo Yunus bahati yake hakuwa Mnyamwezi! Samaki angemtema palepale, akanywe maji asukutue!"

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mama Sela akashika mbavu. Nikamtazama Dokta Mbwilo, nikaona mabega yanamtikisika. Dokta, anacheka! Na mimi nikaona mada yangu inaondoka na dhiraa za Sulemani zinakuja.

Nikafunga Biblia kwa kishindo. "Mzee! Tuliheshimu Neno! Mtu mzima unavaa viatu vya watu na kuleta masihara kwenye maandiko!"

Mzee Kondo akanitazama kwa mshangao.

"Mjukuu wangu, umekasirika?"

"Ndiyo! Na nina haki!"

Nikatoka. Pekupeku. Uani kulikuwa na kichanja cha mapesheni, majani yamefunga vizuri, na kigoda chini yake. Nikaketi kwenye kivuli, mikono nimekunja, nikawakazia macho wale watu nione mwisho wao.

Dokta akaichukua ile Biblia yangu bila haraka. "Wapendwa, tusiharibu siku. Mama Sela, tusomee sura ya nne."

Mama Sela akasoma, polepole, kwa sauti ya ibada. Kwamba nabii alikasirika sana. Kwamba Mungu alimuuliza kama ana haki ya kukasirika. Kwamba alitoka nje ya mji, akaketi kivulini, akingoja kuona yatakayoupata mji.

Akasita. Akanyanyua uso. Akanitazama.

Kichwa kimoja kikageuka. Kikafuata kingine. Ikawa kibaraza kizima kinanitazama mimi, chini ya mmea wangu, mikono kifuani. Nikatamani samaki yule apite Kisarawe.

"Ehe," akasema Mzee Kondo, ambaye sura ile alikuwa hajawahi kuisikia. "Ikawaje?"

"Mungu akauotesha mmea umtie kivuli," akasoma Mama Sela. "Halafu akaleta mdudu, akautafuna."

Mzee akatafakari kidogo. Kisha akaja hadi pale nilipo, viatu vyangu vikilia kwi, kwi, kwi. "Basi mimi ndiye mdudu." Akaushika mpesheni kwa mikono miwili akausukumia kando. Jua la saa sita likanipiga utosini.

"Mzee Kondo, mapesheni yangu!" akalia Mama Sela, lakini hakuna aliyemsikia. Watu walikuwa wanagaagaa. Dokta Mbwilo alikuwa amevua miwani, anafuta machozi.

Ningeweza kukimbia. Nilishapiga hesabu ya kutembea hadi barabarani. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikainuka, nikarudi kibarazani na udongo wangu miguuni, nikasimama palepale nilipokuwa.

"Naomba kuuliza," nikasema. "Aliyeandika sura hii, mnaonaje, alikuwa anatania?"

"Anatania, ndiyo," akajibu Mama Sela mara moja. "Tena Mungu mwenyewe anamtania Yona. Usiyempenda hupotezi muda kumtania. Unamwacha na hasira zake."

Mzee Kondo akaniwekea mkono begani. "Mpagazi, sikiliza. Siku ukifa, ndugu zako watakaa chini walie. Kaburi nitachimba mimi, mtani wako. Sasa mtu wa kukuzika, unamnunia kwa viatu?"

Jamani, nilicheka. Nilicheka huku nawaza msiba wa baba. Nilikuwa mdogo, na nakumbuka kulikuwa na mzee mmoja akifanya vituko kaburini hadi nikamchukia. Leo ndiyo nimejua alikuwa nani kwetu.

Tukasoma hadi mwisho, pale kitabu kinapoishia kwa swali la Mungu na Yona hajibu kitu. Tukabishana vizuri, Waislamu na Wakristo, hadi maandazi yakaisha. Viatu sikupewa. Sikuwa na cha kuvikombolea kwa mtani wangu, na sheria ni sheria. Mama Sela akanipa ndala zake.

Kwenye gari, tulipokaribia Kibaha, Dokta akapunguza mwendo.

"Maganga, si ulisema mzaha unautambua tu?"

Nikanyamaza kama Yona.

"Mada nimeikubali," akasema. "Ila sura ya kwanza utaandika jinsi msomaji anavyoweza kutaniwa mchana kweupe asijue. Utafiti wake unao tayari."

Jumamosi ijayo narudi Kisarawe na jogoo mkononi kukomboa viatu. Kama unacheka, tafadhali acha. Kama wewe ni Mzaramo, cheka tu, ila lile jembe la kaburi liweke mbali kwanza, nina tasnifu ya kumaliza.