Ukali wa Kamanda

Asubuhi hiyo kila mwenye simu alikuwa ameshaiona video, na asiye na simu alikuwa ameshasimuliwa mara tatu, kila msimulizi akiongeza chumvi yake.

Video yenyewe ilikuwa fupi. Ni usiku, ndani ya ua wa duka la vifaa vya ujenzi. Wanaume wawili wanaruka ukuta. Mbwa mweusi mkubwa kama ndama anawajia mbio. Mwizi wa kwanza anafumba macho, tayari kwenda kujibu maswali ya Muumba wake. Mbwa anafika, ananusa viatu, analala chali miguu minne juu, anasubiri kukunwa tumbo. Mwizi anafumbua jicho moja. Anamkuna. Angefanya nini kingine? Baada ya hapo wezi wanabeba makopo ya rangi na mashine ya kukatia vyuma, na mbwa anawasindikiza mpaka ukutani, mkia ukipepea, kama mwenyeji aliyesikitika kwamba wageni hawakulala.

Shampuu alifika kijiweni hajui hili wala lile. Simu yake ilikuwa imelala bila chaji. Alichoona ni benchi zima limenyamaza, na benchi lile halikuwa na desturi ya kunyamaza hata kwenye msiba.

"Dada Shampuu, karibu," alisema Fundi Simu, mwenye kibanda ambacho benchi lilikiegemea, na kwa sababu hiyo alijihesabu mwenyekiti. "Mama Kahawa, mpe kikombe kwanza. Kijae. Akiwa na kikombe cha moto mkononi hawezi kunipiga."

"Kwani umefanya nini?"

"Mimi sijafanya kitu. Wewe ndiye uliyefanya. Tazama."

Akatazama. Akatazama tena. Mara ya tatu akasogeza simu karibu na uso.

"Huyu si Kamanda?"

"Alikuwa Kamanda," alisema Wakili, bila kuinua macho kwenye gazeti la juzi. "Sasa hivi ni afisa uhusiano."

Wakili huyu sheria hakuisomea. Aliuza kalamu na bahasha nje ya mahakama miaka mingi, na sheria ikamwingia kwa ujirani, kama harufu ya samaki inavyoingia kwenye nguo za asiyekula samaki.

Shampuu aliketi taratibu. Jina hilo alipewa na benchi hili siku alipofungua pahali pake pa kuogesha na kulea mbwa na paka, nyuma ya chumba cha fundi cherehani. Walimcheka mwezi mzima. Aliacha wacheke, akaendelea kuosha. Sasa fundi cherehani alikuwa amehama, chumba chake kimebaki wazi, madirisha mawili na bomba ndani, na mwenye nyumba alitaka jibu siku hiyo hiyo: unachukua au huchukui? Jibu lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Bosi Misumari, mwenye lile duka la kwenye video. Alikuwa na mbwa sita. Alimletea Kamanda kama kionjo: ukimrudisha mzima, nakuletea wote sita, kila mwezi, tunaandikishana. Kamanda alikuwa amerudi kwake mzima kabisa siku mbili tu zilizopita. Shampuu alikuwa ameshaanza kuota paka watalala upande gani.

"Mwanangu," Mama Kahawa aliuliza, akipepea jiko lake la mkaa, "mbwa wa watu ulimpa nini?"

"Nilimwogesha."

"Kuoga tu ndiko kulikomtoa akili hivi? Mume wangu ameoga miaka thelathini, hajabadilika."

"Na masikio nilimwangalia."

"Ahaa!" alisema Wakili, akakunja gazeti. "Shahidi aendelee."

Shampuu akaendelea. Siku ya kwanza Kamanda aliing'ata ndoo mpaka ikavuja. Siku ya pili alimwona anainamisha kichwa upande mmoja kila akibweka, akajua ndani kuna jambo. Akamwita daktari wa mifugo. Wakamfunga mdomo kwa kitambaa, daktari akamulika tochi: kupe wamejipanga sikioni kama mbegu za papai, na nyuma yao usaha. Wakawatoa, wakasafisha, wakatia dawa ya matone. Kamanda akalala siku nzima na usiku wake. Alipoamka akamlamba Shampuu mkono, akaomba chakula kistaarabu.

"Kumbe ule ukali wote," alisema Fundi Simu taratibu, "mtu analishwa kwa kusukumiwa sahani na fimbo ya ufagio, Bosi mwenyewe hajawahi kumgusa, watoto wanazunguka mtaa wa tatu kwenda shule…"

"Ulikuwa sikio."



"Kisheria umepatikana," Wakili alitoa hukumu. "Ukali ulikuwa mali ya mteja. Alileta mbwa na ukali, amerudishiwa mbwa mtupu. Huo ni upungufu wa mzigo."

"Wewe nawe! Mtu akiniletea simu inayopiga kelele, nikairudisha imetulia, si ananishukuru?"

"Simu hailindi duka, Fundi."

"Basi mbwa afundishwe upya. Ukali ni somo kama mengine. Nampeleka kwa mama mkwe wangu wiki moja."

"Mama mkwe wako atamharibu. Tunataka mkali, hatutaki mkatili."

"Mwacheni asubuhi moja kwenye foleni ya bili ya maji," alisema Mama Kahawa. "Ikifika saa sita watahitajika wanaume watatu kumshika."

Shampuu hakucheka. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na sasa aliona kosa lake: yeye hakwenda zake, alibaki hapo hapo kusubiri mkataba.

"Jamani," Fundi Simu alinong'ona, "kaeni sawa. Anakuja."

Bosi Misumari alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilijulikana mitaa mitatu. Wafanyakazi wake wakisikia mlio wa funguo zake tu hujikuta wanapanga bidhaa zilizokwisha kupangwa. Alikuja amemshika Kamanda kwa kamba, au Kamanda amemshika yeye, maana mbwa ndiye aliyekuwa mbele. Mkono mmoja wa Bosi ulikuwa umeshika shavu. Kamanda alipofika alimsalimia Shampuu, akamsalimia Fundi Simu, akamsalimia Wakili, akalisalimia na jiko.

"Shikamoo Bosi," walisalimia wote kwa pamoja, hata Mama Kahawa, ambaye alimzidi umri kwa miaka isiyopungua kumi.

Bosi alimkazia Shampuu macho.

"Wewe mama. Nilikuletea mbwa. Umenirudishia nini?"

"Mbwa, Bosi."

"Huyu si mbwa! Huyu ni karani wa mapokezi! Video nimeisambaza mwenyewe, watu wanisaidie kuwatambua wezi. Simu hazijakatika tangu alfajiri. Mmoja anauliza mbwa huyu anauzwa? Mwingine, anapakwa mafuta gani? Mwingine kaniuliza anaoga wapi! Wezi, hakuna hata mmoja aliyewataja!"

"Hilo sasa ni tangazo," Fundi Simu alisema kwa sauti ya chini. Shampuu akamkanyaga mguu.

Akamweleza Bosi habari ya sikio, kupe na usaha, bila kupunguza. Bosi alisikiliza, shavu mkononi. Ilipokwisha akauliza swali moja.

"Utamrudishia lini?"

"Nini, Bosi?"

"Huo ugonjwa."

Wakili alifungua mdomo, akakuta sheria haijafika huko, akaufunga.

"Haurudishwi, Bosi."

"Sawa. Mimi si mtu mbaya," alisema Bosi, na jambo hilo lilikuwa jipya kwa wote waliokuwepo. "Huyu nimekusamehe. Wapo wengine watano wazima, wakali, hawajaharibiwa na mtu. Mkataba uko pale pale. Waogeshe, wakate kucha, wachane manyoya, mtu akipita ajue hawa ni mbwa wa tajiri. Lakini sikio usiguse. Nje kwako, ndani kwangu. Umenielewa?"

Macho yote yakamgeukia Shampuu.

"Kubali," Fundi Simu alinong'ona bila kutikisa midomo. "Nani anakwenda kumchungulia mbwa sikio?"

"Na kisheria," Wakili alinong'ona upande wa pili, "sikio si mwili. Sikio ni tundu."

Mama Kahawa aliinua birika. Alimwongeza kahawa ambayo hakuiomba.

Shampuu alikiona kile chumba. Alikuwa ameshakifagia, ingawa hakikuwa chake bado. Alikuwa ameshafungua bomba akaona maji yanatoka. Miaka aliyofulia watu nguo alifunzwa na dunia kwamba kazi haichagui, na kwamba mwenye njaa hana miiko. Aliyajua hayo kuliko wote pale. Akajaribu kusema ndiyo.

"Siwezi, Bosi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mkono ndio hauwezi. Nikimshika mbwa kichwa, kidole kinakwenda chenyewe."

"Kifunge hicho kidole!"

"Kidole nitakifunga. Na yeye akilia usiku kucha pale kwangu, nimfunge nini?"

"Mwanamke! Unajua unaongea na nani?" Bosi alinguruma, kisha akakunja uso, akasimama hivyo hivyo, jicho moja limefumba, kiganja kimekandamiza shavu mpaka maumivu yapite. Shampuu alikuwa akimtazama tangu mwanzo. Alikuwa akitazama jinsi alivyoinamisha kichwa.

"Bosi, hilo jino lina muda gani?"

"Jino gani?"

"Hilo ulilolishikilia."

Bosi aliuondoa mkono shavuni haraka, kama mtu aliyekutwa nao kwenye mfuko wa mwenzake. Fundi Simu alishuka benchini pole pole akaenda kusimama nyuma ya kibanda chake. Katika mtaa ule watu walimwuliza Bosi bei ya saruji, basi. Swali la pili halikuwahi kuulizwa.

"Halihusiani," alisema. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Tangu nifungue duka la pili."

"Lo!" Mama Kahawa alipiga kofi paja lake. "Ndipo ulipomfukuza mhasibu kwa kupiga chafya."

"Alipiga kwa dharau."

"Na ule mwaka ulioifokea mvua."

"Ilikuwa inanyesha kwenye saruji yangu!"

"Ling'oe, Bosi," alisema Shampuu. "Ni kazi ya kitambo kidogo. Utalala kama Kamanda."

"Ndiyo hofu yangu hiyo." Bosi aliketi. Hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Benchi likalia, likastahimili. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, na wote wakalazimika kuinama wamsikie. "Mtanielewa? Nikiling'oa, duka nitaliendesha kwa kitu gani? Likiniuma wafanyakazi wanakimbia. Wateja hawathubutu kuomba kupunguziwa. Wanaonidai wanapita upande wa pili wa barabara. Mke wangu tu ndiye haogopi, lakini yeye haogopi kitu. Mali yote hii, jamani, imejengwa na hili jino."

Wakili aliitikia kwa kichwa, taratibu, kwa heshima. Hoja ilikuwa nzito.

Wakati huo Kamanda alikuwa amelala chali juu ya viatu vya Bosi, akisubiri. Bosi alimtazama muda mrefu. Kisha akainama, akamgusa tumbo kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu rangi kama imekauka. Akaweka kidole cha pili. Akaweka kiganja.

"Ana joto," alisema kwa mshangao.

"Mbwa wote wana joto, Bosi."

"Miaka minne namlisha. Sikuambiwa."

Mkono wake haukuondoka. Mbwa akapumua kwa nguvu, akakaa sawasawa.

"Wale watano," Bosi alisema, bado ameinama. "Mmoja huwa anatembea kwa kuzunguka. Anazunguka mahali pamoja mpaka anaanguka. Mimi nilidhani ndiyo bidii ya kazi."

"Sikio hilo."

"Na mwingine anajigonga kichwa ukutani."

"Sikio."

Bosi akanyanyuka, akajifuta mkono kwenye suruali, akakohoa kutafuta sauti yake ya zamani.

"Kesho asubuhi wote watakuwa kwako. Wote sita. Masikio, macho, kucha, popote kidole chako kinapotaka kwenda. Tunaandikishana kama tulivyosema."

Shampuu aliweka kikombe chini, akasimama. "Basi mimi nakwenda kumwona mwenye nyumba sasa hivi."

Lakini Wakili alikuwa ameshasimama, kidole juu. "Bosi, samahani. Kwa ushauri tu, wala sitakutoza. Wezi wameshaonja. Duka bila mkali hata mmoja—"

"Nani kakwambia hakuna mkali?"

Bosi alirudisha kiganja shavuni. Akakandamiza polepole, akachagua pahali, akakandamiza tena mpaka machozi yakamlengalenga na mishipa ya shingo ikasimama. Akatoa simu, akampigia kijana wake wa dukani, na sauti ikafika mitaa yote mitatu.

"Niandalie godoro, kuanzia leo nalala huko! Na uchukue brashi uende getini! Kile kibao kilichoandikwa MBWA MKALI, futa neno la kwanza. La pili liache."