Zoezi la Kuhakiki Wastani Mtaani Makole

Haya niliambiwa na Mwanne, mke wa Abubakari mchinjaji, Jumatatu baada ya harusi ya Denis, tumekaa kibarazani kwangu Makole tunachambua majani ya mlenda. Mimi mwenyewe siku hizo nilikuwa Bahi kwa binti yangu aliyejifungua, kwa hiyo sikuona kitu. Lakini Mwanne hana tabia ya kuongeza chumvi. Hata kwenye mboga huwa anaisahau.

Jambo lilianza na gari la matangazo. Lilipita asubuhi, spika zimefungwa juu, likisema hivi:

"Ofisi ya Uratibu wa Sura Njema ya Waumini inawatangazia wananchi wote kuwa, kufuatia taharuki iliyojitokeza mitandaoni, kila Muislamu mwenye msimamo wa wastani afike ofisini kuhakikiwa. Mpaka zoezi likamilike, ni marufuku kwa Muislamu ambaye hajahakikiwa kuchinja katika shughuli yenye mchanganyiko wa waumini. Wastani ni wako. Uonyeshe."

Lilikuwa tangazo zuri. Wazee walisimama kulisikiliza, na gari lilipopita wakaulizana wastani unaonyeshwaje.

Taharuki yenyewe ilitoka kwa Khalidi, kijana wa Nasra, fundi simu pembeni ya soko. Jioni moja hakuwa na wateja. Akasimamisha simu juu ya boksi la chaja, akajirekodi. Akasema Muislamu anayechinja kwa ajili ya harusi ya Wakristo na kwenda kula uani kwao ameuza dini yake kwa kipande cha nyama. Aliyasema kwa sauti kubwa, mishipa ya shingo imesimama, ndiyo maana yalifika mbali. Kesho yake watu wa miji ambayo hatujawahi kufika walikuwa wanaandika: "Waislamu wa Dodoma wakataa kula na jirani zao."

Hakuna aliyekataa. Siku hiyo msikitini watu waliswali, wakatafuta kandambili zao, wakarudi kwenye shughuli. Lakini nani anampiga picha mtu anayetafuta kandambili?

Mwanne alikwenda sokoni kwa Raheli, anayemuuzia nyanya miaka yote.

"Dada Mwanne," Raheli akasema, "nasikia mmeanza kutuchukia."

"Nani kakwambia?"

"Simu."

"Mimi nimefuata nyanya, Raheli."

"Haya. Ila mkianza rasmi mnijulishe mapema, sufuria yangu kubwa iko kwako."

Walicheka wote wawili, lakini Mwanne alifika nyumbani ana hasira. Miaka yote amekuwa jirani mwema na hakuna aliyemuuliza neno. Kijana mmoja amepiga kelele, sasa yeye ndiye anayeulizwa, kwenye nyanya, kwenye bomba la maji, kwenye bodaboda. Anatakiwa kukana maneno ambayo hakuyasema, mbele ya watu wanaomjua tangu ana meno yote.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze kidogo. Makole, Mkristo akiwa na harusi huenda kwanza kwa Abubakari, halafu ndiyo kwa mchungaji. Abubakari ni Mrangi wa Kondoa, mkono wake mwepesi na kisu chake hakichezewi. Akichinja yeye, mtaa mzima unakula sufuria moja. Asipochinja Muislamu, sisi Waislamu tunapewa soda na pole.

Na Jumamosi hiyo Emiliana alikuwa anamuoza mwanawe Denis. Fahali alishaletwa na Sila, kaka wa Emiliana, akafungwa nyuma ya nyumba. Emiliana akavuka barabara.

"Kaka, tangazo umelisikia?"

"Nimelisikia," Abubakari akasema.

"Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe hawakumtaja."

"Abubakari, leo sitaki utani! Denis kakulia mgongoni kwa huyu mkeo, mimi nikiwa nimelazwa. Leo anaoa, mama yake huyu akae pembeni na Fanta? Hiyo harusi au adhabu?"

Mwanne aliingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukipoteza.

Basi Abubakari, kwa kuwa ni raia mwema, akavaa kanzu akaenda kuhakikiwa.

Mratibu alikuwa Bwana Charles, mtoto wa watu, kijana mwenye adabu. Katibu wake alikuwa Asma, ambaye anaswali msikiti mmoja na Abubakari, na kwa sababu hiyo kanuni zilimkataza kumfahamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Una ushahidi gani kwamba msimamo wako ni wa wastani?"

"Nimechinja harusi ya mama yako mdogo, kule Buigiri."

"Ilirekodiwa?"

"Tulikula."

Bwana Charles akamtazama Asma. Asma akatazama dari.

"Mzee, umewahi kulaani hadharani msimamo mkali?"

"Wa nani?"

"Wa yeyote. Tuseme huyu Khalidi."

"Khalidi nilimsemea kwa mama yake."

"Mama yake si chombo cha habari."

"Humjui mama yake."

Ikaonekana kwamba Abubakari ana tatizo la ukimya wa muda mrefu. Bwana Charles alimweleza kwa upole kwamba wastani ambao hausikiki hauwezi kupimwa, na usiopimika serikalini unahesabiwa haupo. Wakaingia wengine. Imamu naye aliangushwa: hotuba zake zote zilikuwa juu ya kulipa madeni na kutotupa taka mtaroni, hakuna hata moja iliyosambaa. Hamza muuza mkaa aliulizwa ana wafuasi wangapi, akasema punda wake, siku akiwa na njaa.

Aliyefaulu alikuwa mmoja tu. Msiniulize nani, mmeshajua.

Kanuni zilikuwa wazi. Mtu awe anafahamika, awe amezungumzia dini hadharani, awe na mvuto kwa jamii, na awe ametamka kwa kinywa chake kwamba yeye si mkali. Khalidi mwishoni mwa video yake alisema, "Mimi si mkali, mimi nasema ukweli." Ilikuwa imerekodiwa. Ofisi ilimpa kizibao cha kijani chenye maandishi MSEMAJI WA WASTANI, KANDA YA KATI, na kipaza sauti cha mkononi, kwa kuwa sauti yake ya kawaida ilionekana haitoshi.

Jumamosi ikafika. Emiliana alikwenda kanisani na kurudi, wali umeiva, fahali bado anatafuna majani. Upande wa pili wa mji, Ofisi nayo ilikuwa na uzinduzi wake, na mgeni rasmi kutoka makao makuu, na mbuzi wa chakula cha mchana. Shughuli ya ofisi ina waumini mchanganyiko. Kwa tangazo lao wenyewe, mtu pekee mwenye ruhusa ya kuchinja Makole nzima alikuwa Khalidi.

Wakampa kisu. Khalidi akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama Khalidi.

"Unasubiri nini?" Bwana Charles akamnong'oneza.

"Nyumbani," Khalidi akasema, "hata kuku huwa tunamwita Mzee Abubakari."

Ilibidi muda ujazwe, kwa hiyo akapewa kipaza sauti. Akasema yale yale, ila sasa kwa niaba ya Ofisi: kwamba kila dini ikale kwake, na kwamba viongozi waliokaa hapa meza kuu wanamuunga mkono. Mgeni rasmi akapiga makofi. Bwana Charles akapiga makofi. Meza nzima ikapiga makofi. Hawakuwa wamesikia, ofisini mtu akimaliza kusema hupigiwa makofi, na wao mawazo yalikuwa kwa mbuzi. Lakini ilikuwa inarushwa mubashara, na kabla soda hazijafunguliwa simu zote nchini zilikuwa zinasema: "Wakubwa wa Dodoma wapiga marufuku majirani kula pamoja."

Simu ya kwanza kuita ilikuwa ya Bwana Charles, mama mkwe wake.

"Charles, tumekukosea nini?"

"Shikamoo mama. Mimi sikusema kitu."

"Umepiga makofi."

"Nilipiga kwa mujibu wa utaratibu, mama."

"Umemkana huyo kijana?"

"Nimemkana."

"Wapi? Mbona sijaona?"

Ya pili ilikuwa ya bosi wake. Ya tatu ya mwenye nyumba wake, akiuliza kama mkataba uendelee. Bwana Charles aliwaambia wote kwamba yeye siyo, kwamba aliyesema ni mtu mmoja tu, kwamba huwezi kuhukumu ofisi nzima kwa maneno ya mtu mmoja. Wakamwambia wote wanasemaga hivyo.

Mgeni rasmi aliingia kwenye gari na njaa yake. Aliteremsha kioo kidogo. "Charles, jioni nikute sura imebadilika."

Sura inabadilishwaje haraka hivyo? Ni kuonekana unakula na watu wa dini zote. Asma akasema anajua mahali, ila kuna kikwazo kidogo.

Walifika kwa Emiliana jasho linawatoka, na mbuzi yuko kwenye buti. Abubakari alikuwa amekaa kivulini.

"Mzee wangu, shikamoo. Tafadhali chinja."

"Marahaba. Sijahakikiwa."

"Nakuhakiki sasa hivi!"

"Si mpaka kamati ikae?"

Asma akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. "Imekaa," akasema. "Imempitisha. Shikamoo, Mzee Abubakari, za tangu Ijumaa?"

"Marahaba mwanangu. Nilidhani umenisahau."

Hapo ndipo Nasra alipotokea, kamshika mwanawe kizibao kwa nyuma kama anavyobebwa paka. Kipaza sauti alikuwa nacho yeye.

"Khalidi hapa!" akasema kwa kipaza sauti, ingawa Khalidi alikuwa hapo hapo. "Umelishwa nyama za uani humu tangu huna meno! Shika mguu wa huyo ng'ombe!"

Khalidi akashika mguu, akafumba macho. Abubakari akamwelekeza fahali kibla, akataja jina la Mungu, na kazi ikaisha. Mbuzi wa serikali akafuata. Nyama ikaingia jikoni, Mwanne akafunga kitenge kiunoni akashika mwiko, na hakumwachia mtu mwingine mpaka ilipoiva. Denis alikuja na suti yake akachutama mbele ya Mwanne kama mtoto, akalishwa tonge la kwanza kwa mkono wake. Mwanne aliponisimulia hapo alikohoa kidogo, akasema ni utelezi wa mlenda.

Watu wakala. Sinia moja mchungaji, imamu, Hamza na Sila; Raheli alikuja akaiona sufuria yake jikoni, akasema sawa, ikae tu. Khalidi alikula sana kuliko wote, bila kuinua uso.

Bwana Charles alikuwa katikati yao, tonge mkononi, amekaa vizuri kuelekea kwenye mwanga. "Piga," akamwambia mpiga picha wa Ofisi.

"Thubutu!" Emiliana akasema. "Unampiga picha mtu anatafuna? Wewe umelelewa wapi? Weka hiyo simu unawe, wali unapoa."

Mpiga picha akanawa. Vidole vyake viliingia kwenye mafuta, na baada ya hapo hakuna kilichorekodiwa.

Jua likaanza kushuka, maharusi wakaondoka, na watu wakaanza kulala pale pale walipokulia. Simu ya Bwana Charles ikaita tena. Alikuwa mwandishi wa habari.

"Sisi walio wengi hatuko hivyo kabisa," Bwana Charles akamwambia.

"Hao wengi wako wapi? Mbona hatuwasikii?"

Bwana Charles akatazama uani. Mchungaji alikuwa ameegemea gunia la mkaa la Hamza, na Hamza kamwegemea mchungaji. Abubakari kajifunika kofia usoni. Nasra anakoroma na kipaza sauti kifuani. Emiliana na Mwanne walikuwa mkeka mmoja, miguu ya huyu juu ya miguu ya yule.

"Wapo hapa," akasema.

"Waambie waseme chochote."

"Wameshiba."

"Hiyo si habari, bwana."

Bwana Charles akatafuta jibu. Mwanne anasema alilitafuta kwa bidii, mdomo wazi, mpaka simu ikamteleza ikaanguka kwenye majani, naye kichwa kikaangukia bega la Asma aliyekuwa amelala zamani. Mwandishi akabaki kwenye majani anaita halo, halo. Mwanne akanyoosha mguu, akaisukuma ile simu mbali kidogo isije ikamwamsha Emiliana, na yeye akalala.