Matundu Manne ya Nyumba ya Manji

Jumatatu, 3 Juni 1968

Nimehamia. Chumba kipya, nyumba mpya ya Bwana Manji nyuma ya soko, Singida mjini. Simenti bado inanuka. Kabla ya kukubali nilimuuliza Damiani, karani mwenzangu wa boma na sasa jirani yangu, kama baada ya Azimio la Arusha kupanga chumba ni ubepari. Akasema wa kuogopa ni mwenye nyumba. Mimi ninyonywe tu kwa amani. Nimetulia kidogo.

Kuna matundu manne ukutani. Mawili karibu na sakafu, mawili juu chini ya paa. Manji kaniambia hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu. Nyumba ni kama mtu, ina pua, nisizibe pua. Nikamjibu kwamba sayansi nimeisoma mpaka darasa la kumi na mbili. Akasema vizuri sana, basi nisizibe.

Jumamosi anakuja Mzee Filipo kutoka Kiomboi, kuona binti yake Klara ataishi wapi. Barua ya posa anayo. Jibu atalitoa akishakiona chumba. Siwezi kula.

Jumanne, 4 Juni

Upepo wa Singida hauna adabu. Umeingia kwa matundu ya chini, ukapanda kwenye suruali, ukazima taa. Mchanga kwenye chai. Tena tundu linalopitisha upepo litapitisha na nyoka. Nimeyaziba yote mawili kwa gunia.

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Damiani kaniuliza ofisini, mbele za watu, huyo baba ninayemwamkia peke yangu chumbani ni nani. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kumpokea mkwe. Kumbe matundu yangu ya juu na yake yako ubavu kwa ubavu, anasikia kila kitu. Kasema shikamoo yangu ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote.

Nimeziba ya juu pia. Moja kwa gunia, la pili kwa kaptula yangu ya shule.

Ijumaa, 7 Juni

Kuta zinatoka jasho. Godoro linanuka uyoga. Shati la kesho lina ukungu. Kosa ni la Manji, simenti yake mbovu. Nimemwambia hivyo, kwa heshima, nikiwa ng'ambo ya barabara. Kaniuliza kama nimeziba pua. Nimesema hapana.

Mpango: kesho nitawasha jiko la mkaa humo ndani, dirisha nimefunga, kuta zikauke kabla basi la Kiomboi halijafika.

Jumamosi, 8 Juni

Mkaa nao ulikuwa na unyevu. Nilipokwenda stendi kumpokea mzee, jiko likabaki likifuka. Tukaingia. Mzee Filipo akafunga mlango mwenyewe, akasema upepo wa leo unang'oa kofia. Nikampa kiti. Moshi ukatukalia.

Hapo nikanaswa. Kwetu mkwe haambiwi inuka, toka nje. Kumwambia ni kumfukuza, na posa inaondoka naye. Nikanyamaza. Yeye naye ni mgeni, na mgeni hasemi nyumba ya mtu ina moshi. Akanyamaza. Akauliza habari za mvua. Nikajibu machozi yakinitoka. Akauliza habari za kazi. Nikakohoa, akakohoa kwa heshima zaidi yangu. Akasema chumba ni kizuri, kina, kina. Hakumaliza. Kichwa kikaanza kunigonga, naye akaanza kuinamia magoti. Nikaona nitamuua baba yake Klara kwa adabu, na bado mdomo haukufunguka.

Damiani ndiye aliyeona moshi ukitoka chini ya mlango. Akamwita Manji. Manji akapanda juu ya pipa nje, akasukuma kizibo cha tundu la juu kwa mpini wa fagio. Kaptula ikamwangukia Mzee Filipo kichwani. Damiani akafungua mlango, upepo ukaingia wote kwa pamoja. Tangu nizaliwe sijapenda upepo kiasi hicho.

Tulikaa barazani, macho mekundu, tukinywa maji ya Manji. Damiani akamwamkia mzee, shikamoo baba, kwa sauti yangu kabisa. Nikasubiri hukumu.

Mzee Filipo akaikunja kaptula vizuri, akanirudishia. Kasema mchumba aliyetangulia alimwambia asogee kidogo apishe redio. Huyu wa leo amekubali kufa kuliko kumwinua mzee kwenye kiti. Mtu wa namna hiyo hatamfukuza binti yake. Posa amekubali. Ila mama yake Klara lazima aje naye aone, na matundu ayakute wazi.

Nikalia tena. Safari hii bila moshi.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshukuru kanisani. Nimelala kama mtoto, matundu wazi, mafua kidogo.

Nimetafakari, na kosa nimeliona. Gunia na kaptula ni vitu vyepesi, fagio lolote linavisukuma. Tena vinaonekana. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na nasikia baridi haiwezi kabisa.

Uani kumebaki simenti. Nimemwomba Manji kidogo, nikasema ni ya ufa wa sakafu. Kanipa kopo zima. Kafurahi sana kuona hatimaye ninaitunza nyumba.