Vipele vya Hidaya Vimenianika Kliniki

Leo nimeaibika mbele ya kliniki nzima. Aliyenianika ni nesi, na alichotumia ni pua yake tu. Naandika mapema kabla hamjaisikia kwa watu, maana hapa Mbinga habari inapanda bodaboda na kufika kabla ya mwenyewe.

Kwa wasionijua: mimi ni bwana shamba, mtu wa Kondoa, nimeletwa huku kushughulika na kahawa za watu. Mke wangu ni muuguzi. Tuna binti mmoja, Hidaya, anakaribia miaka miwili. Huu ni mwezi wa pili mke wangu hayupo. Amepelekwa kushikilia zahanati moja huko chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa sababu muuguzi wa pale yuko likizo ya uzazi. Yuko peke yake. Akitoka hata siku mbili, wajawazito hawana wa kuwazalisha. Mtoto hakuweza kwenda naye, kwa kuwa anaitwa kazini saa yoyote na hana wa kumwachia. Hidaya akabaki na mimi. (Nilisema mwenyewe kwamba naweza. Hakuna aliyenilazimisha.)

Tulishuka kumwona mara moja. Wakati wa kuondoka Hidaya alimng'ang'ania mama yake shingoni, ikabidi tumbandue kidole kimoja kimoja. Akalia milima yote mpaka Mbinga. Mimi nilitazama nje ya dirisha njia nzima. (Nilikuwa naangalia mashamba. Ni kazi yangu.) Baadaye tukakubaliana kwa simu kwamba tusirudie tena mpaka amalize zamu yake.

Tangu siku ile Hidaya haachi kanga ya mama yake. Analala nayo, anakula nayo, anaiburuta uani.

Wiki tatu zilizopita vikaanza vipele. Vidogo, vyekundu, shavuni na shingoni. Anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Nikaingia mtandaoni, nikasoma kuhusu mzio wa chakula kwa watoto, nikasoma tena, na kufikia mchana nilikuwa daktari bingwa.

Nilianza na karanga. Mama Ndunguru, mwenye nyumba wetu, ndiye anayekaa na Hidaya nikiwa kazini. Ni mama wa Kimatengo kutoka Maguu, amelea watoto saba wa kwake na wa watu sijui wangapi. Uji wake hutiwa karanga za kusaga. Jumapili moja nilimkuta anamnywesha Hidaya, ana wageni wametoka misani, nami nikamwambia pale pale kwamba karanga zake ndizo zinazomdhuru mwanangu. Nikaeleza na kinga ya mwili inavyofanya kazi. Wageni wakainamisha vichwa. Mama Ndunguru alichukua kikombe mkononi mwa mtoto akaenda kukimwaga.

Vipele vikabaki. Nikakataza maziwa. Vikabaki. Nikakataza mayai. Halafu nikakataza usipa, wale dagaa wa ziwani ambao mama yake alikuwa amemtumia kwa gari, na ambao Hidaya anawapenda kuliko mimi. Vipele vikazidi. Mimi ni mtu wa kahawa: jani likitoka madoa, natafuta kilichoingia shambani. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari. Mpaka wiki iliyopita mtoto alikuwa anakula ugali, mchicha na ndizi, na ndizi nilishaanza kuitilia mashaka.

Mama yake akipiga simu, nasema tuko salama. Nilijua nikimwambia ukweli hatalala, na pengine ataacha wajawazito wa watu aje. Na kweli nyingine ni kwamba sikutaka kusikia, "Si ulisema unaweza?"

Basi leo ikawa siku ya kliniki. Nikambeba Hidaya na kanga yake, daftari kwapani. Baraza lilikuwa limejaa akina mama. Baba ni mimi peke yangu. Wakanipisha kwenye benchi kwa heshima kubwa, na mimi nikaipokea heshima ile kama mtu anayeistahili.

Kwenye mzani nikaanza kupoa. Nesi wa zamu, Nesi Kapinga, ni rafiki wa mke wangu, walikuwa wanafanya kazi pamoja. Alimning'iniza Hidaya, akasoma, akamshusha, akampima tena. Halafu akanionyesha kadi. Mstari uliokuwa unapanda tangu mtoto azaliwe ulikuwa umeinama. Akaniuliza taratibu, "Shemeji, huyu mtoto anakula nini?"

Nikafungua daftari. Nikamsomea yote, tarehe kwa tarehe, kwa sauti ya semina. Akina mama waliokuwa karibu wakanyamaza kusikiliza. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba laiti baba wa mtoto wake angekuwa hivi. (Hapo ndipo ningeondoka zangu.)

Nesi Kapinga aliniacha nimalize. Akaniuliza kama Hidaya amewahi kuvimba midomo au macho baada ya kula, kutapika, kuharisha au kupumua kwa shida. Nikasema hapana, hata mara moja. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga.

"Vipele viko shavu la kushoto, shingo ya kushoto na mkono wa kushoto," akasema. "Kulia ni safi. Analala ubavu gani?"

"Wa kushoto."

"Amelalia nini?"

Hidaya, kama vile kaulizwa yeye, akainua kanga. Nesi Kapinga akaichukua, akaisogeza usoni, akavuta pumzi. Akakohoa.

"Shemeji, huyu mtoto ananukia kama bibi harusi."

Benchi la kwanza likacheka. Nikaeleza kwamba ni kanga ya mama yake, harufu ni ya mama yake. Akasema mama yake yuko ziwani mwezi wa pili sasa, na hakuna kanga ya miezi miwili inayonuka pafyumu mbichi. Ni nani anayeipulizia?

Ndugu zangu, ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Hidaya akaivuta kanga, akaipandisha mpaka usoni kwangu, akanibandika puani kama tunavyofanya kila jioni, akasema kwa sauti ya kusikika baraza zima:

"Baba, nusa Mama."

Sijui walioanza kucheka ni wa benchi gani. Najua tu kwamba kicheko kilipofika chumba cha pili, nesi anayepima wajawazito naye alitoka kuja kuangalia.

Nikasema ukweli. Kwamba kanga ilipoanza kuisha harufu, Hidaya aliinusa, akaitupa chini, akalia mpaka akapaliwa. Kwamba mke wangu alikuwa ameacha chupa yake ya pafyumu kabatini. Kwamba nilipulizia kidogo, mtoto akatulia na kulala. Jioni iliyofuata nikaongeza.

"Kwa ajili ya mtoto," akasema Nesi Kapinga.

"Kwa ajili ya mtoto," nikasema.

Aliniangalia. Kisha akageukia kadi ya mtoto, na namshukuru kwa hilo. Mama mmoja nyuma aliuliza pafyumu hiyo inaitwaje. Mwingine, aliyekuwa ananyonyesha, hakucheka kabisa. Alifuta macho kwa upande wa kitenge chake akatazama pembeni.

Nesi alishusha sauti akanieleza. Ngozi ya mtoto ni nyepesi, pafyumu inaweza kuiunguza au kuiletea mzio, na jasho likichanganyika ndiyo kabisa. Nifue kanga kwa sabuni isiyo na manukato, nisuuze mara mbili, nimpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Chakula chote nimrudishie, maana hakuna hata kimoja kilichoonyesha kosa, ila njaa niliyompa inaonekana kwenye kadi. Akila kitu akavimba midomo, akatapika mfululizo au akapumua kwa shida, nisifungue daftari, nikimbie hospitali. Nisimkataze mtoto chakula kwa kubahatisha tena. Nirudi baada ya wiki mbili apimwe, na vipele visipoondoka tutamwona daktari.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ndunguru. Alikuwa anachambua maharage. Nikaamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamwambia yote, mpaka nusa Mama. Nikaomba radhi kwa ile Jumapili na kwa wageni wake.

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. Kisha akasema, "Mimi nilijua si karanga, bwana shamba. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiye uliyesoma."

Hakutabasamu. Akainuka akapasha usipa, akampa Hidaya na ugali. Mtoto alikula bila kupumzika, akalamba na sahani. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na kusema kweli sikuweza kukaa.

Saa kumi mke wangu akapanda pale kilimani anapopatia mtandao, akapiga. Nikakiri. Akauliza kwanza uzito wa mtoto. Nikamtajia. Akauliza vipele. Halafu akaanza kucheka, na katikati ya kicheko sauti ikabadilika, akasema upepo ni mwingi huko aliko. Akaomba aongee na Hidaya. Hidaya alishika simu, akasikiliza sauti ya mama yake, akainusa simu, akanirudishia.

Kanga iko kwenye kamba sasa, inanuka sabuni ya mche. Zimebaki wiki tano.

Anayetaka kucheka acheke tu, nimeshazoea tangu asubuhi. Ila wewe mwenye mtu wako mbali, kabla hujacheka, niandikie kwanza unalalaje.