Mwenye Maneno Ajitokeze

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Usiri wa Mawasiliano iliwatangazia wananchi wote wenye masikio kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili asubuhi, hewa ni mali ya serikali pamoja na kila neno linalopita humo. Ndege waliongezewa muda wa kujiandaa.

Sheria yenyewe ilikuwa na huruma sana. Kusikiliza simu ya mtu kwa skana, ile redio inayonasa mawimbi ya wengine, ni kosa. Kuisikia kwa bahati mbaya ni kosa dogo, mradi ufike ofisini uandike neno kwa neno ulichosikia, ili serikali ijiridhishe kwamba kweli hukupaswa kukisikia. Kisha maandishi yanabandikwa ubaoni siku saba, kila mtu asome, mpaka mwenye maneno ajitokeze. Akilalamika, skana yako imekwenda na maji. Asipolalamika, unarudishiwa. Siri za watu hulindwa hivyo.

Mama Waya, fundi wa redio za teksi na za walinzi, hakuwa na ugomvi na serikali. Alikuwa na skana moja tu, na bila hiyo hawezi kujua redio aliyoitengeneza inasema au imekufa. Alhamisi alikuwa akiijaribu mbele ya mkaguzi wa Idara, aliyekuja kuangalia leseni, ikanasa sauti nene:

“Shemeji, zile skana tulizowanyang'anya mafundi, njoo kesho uzibebe. Futa namba, uza taratibu.”

Wakubwa wa Idara walikuwa bado na simu za zamani, nzito kama tofali, zinazovujisha kila neno. Waliombwa wazibadilishe, wakasema heshima haibadilishwi.

“Umesikia, mama,” alisema mkaguzi.

“Na wewe je?”

“Mimi niko kazini. Masikio haya ni ya serikali.”

Akaibeba skana. Mama Waya alimfuata hadi ofisini roho mkononi, maana sauti ile aliijua: ni ya Mkurugenzi, aliyesoma tangazo la hewa redioni. Huyo akilalamika, kazi ndiyo imekwisha na watoto watakula hewa, kama wataruhusiwa.

Aliandika yote. Karani akasoma bila kukunja uso, akamwongezea nukta moja, akabandika.

Ijumaa foleni nzima ya pale ofisini ilikuwa imeukodolea ubao macho Mkurugenzi alipopita. Alisoma mara mbili.

“Nani kabandika upuuzi huu? Bandua!”

“Kanuni ya tisa, mkubwa,” karani alijibu, “uliiandika mwenyewe. Anayeweza kubandua ni mwenye maneno peke yake. Ni yako?”

Mkurugenzi akaitazama foleni, foleni ikamtazama.

“Hata siyajui.”

Mama Waya akashusha pumzi. Hajaimaliza, akaingia shemeji mtu, funguo za gari zikimning'inia kidoleni. Macho yakatua ubaoni.

“Aa, shemeji! Kumbe hata kibali umeshaniandalia!”

Karani akachukua kalamu. “Mwenye maneno ni wewe?”

“Mimi nilisema ‘sawa’ tu. Mengine yote ni ya huyu.”

Mwenyewe kapatikana, na neno lake moja tu lingetosha kumfungia Mama Waya kibanda.

“Mkubwa,” karani aliuliza, mpole kama nesi mwenye sindano, “unalalamika? Mlalamikaji huyarudia maneno yake kwa sauti mbele ya hakimu.”

Mkurugenzi akaupa ubao mgongo.

“Silalamiki.”

“Basi mama achukue skana yake. Wewe saini hapa: ‘Maneno ni yangu, sina malalamiko.’ Nakala tatu. Moja ya mama, moja ya jalada.”

“Na ya tatu?”

“Ya polisi, mkubwa. Kanuni ya kumi.”

Mkurugenzi akageuka kuutafuta mlango. Mafundi kumi na wanne wa kwenye foleni, kila mmoja akiwa amenyang'anywa skana yake, walikuwa wamesimama hapo kwa adabu kubwa. Mmoja akamsogezea kiti.