Pasi Mbili Zinazotazamana

Jumatatu, 4 Machi

Nimegundua! Dobi wa pasi za mkaa hana haja ya mkaa. Sisi ni kupepea kutwa, majivu yakidondokea mashati meupe. Ng'ambo ya barabara, dobi mwenzangu, Bwana Mvuke, anachomeka tu pasi yake ya umeme na kutabasamu. Meno yote nje! Basi: nitapasha pasi mbili mara moja asubuhi, nizilaze uso kwa uso, nizifunike blanketi. Hii itaipasha ile, ile itaipasha hii, mpaka jioni. Gunia la mkaa nimempa muuza chai wa jirani. Nimebakiza kopo moja la kuanzia. Alinishangaa.

Jumanne, 5 Machi

Jaribio. Blanketi la mke wangu, lile la maua. Saa nne, pasi moto. Saa sita, vuguvugu. Saa nane ningeweza kuzilalia. Mwalimu wa fizikia alifuata suruali yake, akachungulia, akacheka. Akasema joto halizaliwi bure. Pasi zinagawana lilelile, na kila dakika linavujia hewani. Akachora mshale kwa chaki: kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, wala halirudi lenyewe. Mtu mzima anachora mezani kwa watu! Nikamwambia suruali ni kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji, kaka yake mke wangu, anaoa keshokutwa. Kaleta suti. Mke wangu kaniomba, kwa upole, nisimwaibishe mbele ya mama yake. Upole wake unanitisha kuliko kelele. Nikaapa. Nikamaliza mkaa wote, pasi hazishikiki, nikazifunika, nikatoka kumtazama Mvuke kwa dharau. Harufu! Blanketi lina tundu la umbo la pasi. Nikamwaga ndoo nzima. Maji yakafika kwenye suti.

Mke wangu alilikunja blanketi taratibu, tundu likabaki juu. Najisikia vibaya sana.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaa sina. Muuza chai kauchoma wote, tena kwa shukrani. Suti imejikunjakunja vibaya. Nikavuka barabara, suti mkononi. Nilijua Mvuke atanicheka. Akasema tu nishike mkono wa koti, yeye anyooshe. Tukaimaliza pamoja. Malipo akakataa. Wema wake umeniudhi siku nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji aling'aa! Mama mkwe akausifu mstari wa suruali, akasema binti yake alipata fundi. Nikainamia sahani. Mke wangu akanibana mkono chini ya meza, akaninong'oneza kwamba aliniona nikivuka barabara, na kwamba hajawahi kujivunia mume kama siku ile. Nusura nilie.

Jumapili, 10 Machi

Akili imetulia. Nimeona kosa: idadi. Pasi mbili zinatazamana, lakini migongo yote iko nje, joto linatoroka. Zikiwa tatu, ile ya katikati joto lake litakimbilia wapi? Mwalimu hakulifikiria hilo.

Mama mkwe ana blanketi la sufu, zito kweli. Nimeliazima. Mwenyewe bado hajajua.